Tulivyoonyeshwa ghorofa ya "utulivu" Kericho mvua ikinyesha

Wakuu, habari za jioni. Kila siku mimi nasoma za watu hapa halafu nalala. Leo nimeamua kutoa yangu. Chumvi sitaongeza, na mwenye anaijua Kericho ya miaka ya tisini anisahihishe nikipotea.

Kilichoniwasha ni ule uzi wa jana. Kijana anauliza kama achukue apartment kwa ile tower mpya karibu na town, na ameweka picha. Swimming pool ya bluu, mwanamke anacheka na glasi ya juice, na maneno "serene urban living".

Nikacheka mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Nikamwonyesha simu. Yeye hakucheka. Alisema tu, "Muulize kama alienda kuiona mvua ikinyesha."

Basi wacha niwaeleze ni kwa nini alisema hivyo.

Miaka hiyo nilikuwa fundi wa stima kwa kiwanda cha chai, nje ya Kericho. Tulikuwa tunaishi kwa nyumba za kampuni, chumba kimoja na jikoni ya nje. Mke wangu anaitwa Chebet. Tulikuwa vijana, na tulikuwa tumepoteza mimba mbili, moja baada ya nyingine.

Sitaki kueleza hiyo sana. Mwenye amepitia anajua. Nguo ndogo ziko kwa sanduku na hakuna mtu anataka kuwa wa kwanza kusema zipewe mwingine.

Ya tatu iliposhika, daktari alituambia wazi. Chebet alale. Asifue, asilime, asibebe maji. Na tuishi karibu na hospitali, kwa sababu shida ikianza hatutakuwa na muda wa kutafuta gari kwa barabara ya matope.

Kwetu ni Ndanai. Mwenye amepita Ndanai wakati wa mvua anajua kwa nini kumpeleka nyumbani hakukuwa hata mjadala.

Hapo ndipo nikaiona ile signboard.

Ilikuwa kubwa, imechorwa na rangi. Jengo refu jeupe, na kwa balcony mzungu na bibi yake wanakunywa chai, mbele yao ni chai tupu mpaka mbinguni. TEA CREST TOWERS. EXECUTIVE. QUIET. DAKIKA MBILI KUTOKA TOWN.

Tower yenyewe ilikuwa ghorofa nne. Msicheke. Kericho ya wakati huo, ghorofa nne ilikuwa tower.

Nikatafuta ajenti. Mtu wa suti na viatu safi sana, na kwa matope ya Kericho viatu safi ni talanta. Nikamwambia shida yangu yote, mke wangu na daktari na kila kitu. Akaweka mkono kwa kifua. "Ndugu yangu, hapa hata nzi wakipita wanavua viatu. Njoo kesho baada ya lunch nikuonyeshe."

Sasa wakuu, mimi ni mtoto wa chai. Nimezaliwa nikijua kwamba kwetu asubuhi ni jua na baada ya lunch ni mvua. Karibu kila siku. Ndiyo maana chai inakubali huko.

Na bado sikujiuliza kwa nini mtu huyu anaonyesha nyumba baada ya lunch tu.

Tulienda na Chebet, polepole, chini ya mwavuli mmoja. Mvua ilikuwa inapiga mabati vizuri. Barabara haina mtu. Tukapanda mpaka ghorofa ya tatu, ajenti akafungua mlango, na haki nyumba ilikuwa safi. Maji ndani ya nyumba. Choo ndani ya nyumba! Dirishani ni ukungu tu.

"Hapo mbele ni chai," ajenti akasema akionyesha ukungu.

Chebet akakaa kwa sakafu, akaegemea ukuta, akafunga macho. Akasema, "Hapa nitaweza." Sikuwa nimesikia sauti yake ikiwa imetulia namna hiyo kwa muda mrefu. Nikatia sahihi siku hiyo hiyo.

Tukahamia Jumapili baada ya lunch, na mvua. Jumatatu asubuhi jua likatoka.

Wueh!

Kwanza posho mill, mashine ya kusaga unga. Ilikuwa ukutani kabisa, upande wa nyuma, na ikiwashwa vijiko vinatembea mezani. Kando yake fundi wa welding, anagonga mageti. Mbele, pale kulikuwa na "chai mpaka mbinguni", ni soko. Kabeji, kuku, mitumba, na mhubiri mwenye spika ambaye dhambi zetu zilimkera kuanzia saa mbili.

Na chini ya balcony yetu kabisa, samaki. Mama mmoja wa kutoka upande wa ziwa alikuwa na karai kubwa ya mafuta, anakaanga kuanzia asubuhi. Watu walimwita Mama Akinyi. Sauti yake tuliijua kabla ya sura yake.

Hebu fikiria mwanamke mjamzito, Mkipsigis ambaye kwao samaki hajawahi kuingia jikoni, amelala juu ya karai ya samaki. Chebet alitapika mpaka nikaogopa kutapika kwenyewe kutaleta ile shida.

Chai ilikuwepo, lakini. Kwa dirisha la choo, ukisimama juu ya ndoo.

Nikamwendea ajenti nikiwa nimewaka. Nikamwambia, wewe mzee, si nilikueleza hali ya mke wangu? Akanitazama bila haya. "Lakini ndugu, chai unaiona ama huioni?"

Nikarudi kwa daktari, akanikataza kumsafirisha mgonjwa tena. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa tano. "Akae hapo hapo alipo," akasema. Basi tukakaa.

Na wale majirani wa executive? Walikuwa watu wazuri tu, wa benki na wa ofisi. Wanatoka asubuhi wanarudi jioni, mlango unafungwa, kwisha. Kwa ngazi ni "morning, morning". Chini kulikuwa na geti ya chuma na askari wa kuilinda, na bango: HAWKERS HAWARUHUSIWI. Sheria zilibandikwa ukutani. Hakuna makaa. Hakuna kuku. Hakuna kuanika nguo kwa balcony ya mbele, ati inaharibu sura ya jengo.

Mimi nikiwa kazini, Chebet alibaki peke yake kutwa nzima na hizo kelele. Jioni nikirudi nampata analia kimya kimya, hataki nijue. Nikatuma neno Ndanai mama yangu aje.

Mama alikuja na mfuko wa unga, kuku (aliingia na kuku, askari akashindwa), na kibuyu chake cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando. Kibuyu chenyewe tunaita sotet. Kwa wasiojua: maziwa yetu hayalazwi kwa kibuyu hivi hivi. Kibuyu kinasuguliwa ndani na kijiti cha mti fulani kilichowaka, mpaka kishike vumbi la makaa. Hapo ndipo ladha inatoka. Na Mama alikuwa na imani kwamba mjamzito asiyekunywa mursik ni kama gari bila mafuta.

Basi asubuhi moja mimi niko kazini, Mama akawasha vijiti vyake. Wapi? Kwa balcony ya mbele, ghorofa ya tatu, Tea Crest Towers. Moshi ukapanda.

Chini mtu akapiga nduru. "Moto! Moto kwa ghorofa!"

Hii nilihadithiwa mara nyingi sana, mpaka naiona. Soko lote liliinuka. Askari wa geti alijaribu kusema habari ya hawkers, akasukumwa pamoja na sentensi yake. Watu wakapanda ngazi na ndoo, na mabeseni, na mchanga. Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Akinyi, mwili wake mkubwa, beseni kichwani.

Mama yangu amesimama hapo na kibuyu mkononi, anapaaza sauti na Kiswahili chake cha Ndanai: "Hakuna moto! Ni kipuyu! Ni kipuyu tu!"

Amechelewa. Mama Akinyi akamwaga. Na maji yenyewe yalikuwa ya kuoshea samaki.

Wakuu, kibuyu cha mama yangu, alichopewa na mama yake siku ya ndoa, kikaoga maji ya samaki. Mama alianza kuongea Kipsigis, na mimi najua maneno gani, na sitayaandika hapa.

Katikati ya hiyo vurugu, Mama Akinyi akageuza kichwa. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa wazi. Akamwona Chebet amelala, miguu imewekwa juu ya mito, amekonda, tumbo ndilo limebaki.

Akaweka beseni chini. Akaingia polepole, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nyathiwa," akamwita. Mtoto wetu. "Ni wewe ndiye unatapikaga? Ni samaki yangu?"

Chebet akaona haya. Akasema hapana.

"Usinidanganye. Wa ngapi huyu?"

Chebet akamwambia. Mama Akinyi akakaa chini kwa sakafu na nguo yake imelowa. Akasema yeye alizika watatu kabla ya Akinyi. Mama yangu alikuwa bado mlangoni amekasirika na kibuyu. Akasikia hiyo. Akaja akakaa chini pia.

Miaka hiyo, mnajua, kulikuwa na maneno mabaya kati ya watu wa huku na watu waliokuja kutoka sehemu zingine. Siingii huko. Nasema tu kwamba hao wamama wawili walikaa kwa sakafu yangu mpaka chai ikaiva.

Kesho yake karai ya samaki haikuwa chini ya balcony. Mama Akinyi aliihamisha mpaka mwisho wa soko, upande ule upepo unapeleka moshi mbali. Wateja wake wa barabarani akawaacha. Nilipoenda kumshukuru alinifukuza na mwiko. "Toka hapa, unazuia biashara!"

Halafu wakapanga kitu na Mama, bila kuniuliza. Chebet akipata usingizi, Mama anatundika leso nyekundu kwa balcony. Chini wakiiona, wanajua msichana amelala.

Sikuamini mpaka siku yangu ya off. Mama alitundika leso, na kwa dirisha nikaona Mama Akinyi akipunga mikono, akionyesha juu. Fundi wa welding akaweka nyundo chini, akatafuta kazi ya kupiga rangi. Mwenye posho mill akawaambia wateja wangoje kidogo, na wakangoja, na gunia zao mgongoni! Hata mhubiri. Aliendelea, lakini bila spika.

Nilikaa kwa kiti nikalia, sioni haya kusema.

Ajenti naye alikuja kulalamika. Ati leso inaharibu sura ya jengo, ati mtu akija kuona nyumba atafikiri ni mtaa wa ovyo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha mursik, na leso ikabaki mahali ilipokuwa.

Chebet akaanza kulala. Akaanza kula. Mwezi wa sita ukapita, wa saba ukapita. Nikaanza kuthubutu kufungua lile sanduku la nguo ndogo.

Halafu ikaja ile siku.

Ilikuwa mwezi wa nane, mapema kabla ya wakati wake. Mimi niko kiwandani, baada ya lunch, mvua imeshaanza. Chebet aliamka kwenda choo, na Mama akaona damu.

Mama akatoka kwa ngazi akagonga milango. Milango yote. Watu wako kazini. Akaita askari, lakini mvua kwa mabati ilikuwa inakula sauti yote. Akakimbia kwa balcony akaita soko. Wapi! Ile mvua iliyotufanya tuamini hapa ni kimya, sasa ilikuwa imeziba masikio ya kila mtu.

Hangeweza kushuka amwache Chebet. Akaiondoa leso kwa chuma, akaifunga fundo, akairusha chini.

Mama Akinyi alikuwa amejikinga mvua kwa veranda ya duka upande wa pili. Alisema baadaye kwamba kutazama ile balcony kulikuwa kumekuwa mazoea, kama mtu anavyotazama sufuria yake. Akaona leso ikianguka kwa matope.

Aliacha samaki hapo hapo. Akakimbia anaita watu, kila mtu kwa jina lake.

Geti ilikuwa imefungwa na askari ameenda kujikinga mvua, funguo ziko mfukoni mwake. Lakini fundi wa welding ndiye alikuwa ameitengeneza hiyo geti. Aliinyanyua kutoka kwa bawaba zake, akaiweka kando, wakapita.

Walimshusha Chebet na godoro. Ngazi za executive zilikuwa nyembamba na zina kona. Mwenye posho mill mbele, fundi nyuma, wamama pande zote, na Mama Akinyi anasema "mos, mos," polepole, kila kona. Chini kulikuwa na mkokoteni wa kabeji. Kabeji zikamwagwa kwa barabara. Wakamlaza, wakamfunika na turubai la samaki, wakasukuma mpaka hospitali na hiyo mvua, mhubiri akiwa mbele anafungua njia na ile spika yake.

Mimi habari zilinifikia na dereva wa lori la majani. Aliniambia tu, "Mke wako yuko hospitali, panda." Njia nzima sikumuuliza kitu. Niliogopa jibu.

Nilifika na overall. Kwa veranda ya wodi nikakuta watu wamekaa kwa benchi, mmoja amekuwa mweupe kwa unga uliolowa, mwingine na mikono ya kutu, wamama wanakamua nguo zao. Wote wakaniangalia.

Mama alitoka ndani. Alikuwa analia. Akanishika mkono, akanipeleka mpaka kwa kitanda.

Chebet alikuwa mzima. Amechoka, midomo mikavu, lakini mzima. Na kifuani kwake kulikuwa na kitu kidogo sana, chekundu, kimekunja uso kama kimedanganywa na ajenti.

"Ni msichana," Chebet akasema. "Amekataa kwenda."

Kwetu msichana akizaliwa wakati wa mvua anaitwa Cherop. Mama alisema hilo jina akiwa bado anapangusa machozi. Mama Akinyi, ambaye nesi alikuwa amemkataza kuingia na akaingia, akapiga makofi. "Kwetu huyo ni Akoth! Wa mvua!"

Basi binti yangu ana majina mawili, na yote ni mvua.

Tulikaa Tea Crest miaka mingi baadaye, kwa hiari yetu. Mtoto alijifunzia kutembea kwa unga wa posho mill. Mama aliporudi Ndanai, Mama Akinyi alimfungia samaki mkubwa kwa gazeti, na Mama akamwachia mursik. Mama Akinyi alikunywa yote mbele yake, macho yamefungwa. Yule samaki Mama alimpa mwalimu jirani, lakini maisha yake yote alisema alikuwa mtamu. Kibuyu hakikupona kabisa. Ukikifungua mpaka leo, kwa mbali, unasikia ziwa.

Ile signboard iliendelea kusema QUIET mpaka rangi ikaisha.

Sasa wewe kijana wa uzi wa jana. Sikwambii usichukue nyumba. Chukua. Lakini tangazo linakuonyesha kile utaona ukiwa kwa balcony. Haliwezi kukuonyesha nani anakuona wewe kutoka chini. Nenda asubuhi jua likiwaka, nenda siku ya soko. Nunua nyanya. Salimia watu.

Na kwa nini mke wangu hakucheka jana? Cherop Akoth wetu ameolewa Nairobi, anaishi tower ya kweli, ghorofa ya kumi na moja, lift na camera kila kona. Ni mjamzito. Na ya kwanza ilimtoka mwaka jana.

Chebet anapanda gari kesho kwenda kukaa naye. Nimemwona akiweka ile leso nyekundu kwa mfuko. Imechakaa, imepauka. Nikamwambia, ghorofa ya kumi na moja nani ataiona?

Akaendelea kukunja nguo. "Kuna mama anauza mboga nje ya geti," akasema. "Anaitwa Mama Njoki. Nilikaa naye safari iliyopita. Nimeshamwonyesha dirisha."

Basi wakuu, nawaachia hapo. Matusi ya ajenti mnaweza kuniandikia, nitayasoma kwa furaha. Lakini nyinyi mnaoishi juu, kwanza niandikieni jina la mtu mmoja anayeuza kitu pale chini kwenu. Kama hulijui, zima simu, shuka ukaulize, halafu urudi.